Kunyanyua usukani wa pikipiki kwa raiza: vipimo, bolti na kebo

Dereva wa Mwanza anayeanza kubeba abiria Buhongwa alfajiri na kumalizia Igoma usiku anaujua usukani ulio chini kuliko mtu mwingine yeyote. Mabega yanavutwa mbele, uzito wa kifua unaegemea viganja, na kufikia saa kumi jioni vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi. Boxer na TVS HLX zimetengenezwa kwa mtu wa kimo cha kawaida. Mrefu akikaa juu yake hujikunja mgongo bila kujua, na mgongo ndio unaolipa.

Raiza ni vipande viwili vya chuma au aluminiamu vinavyowekwa chini ya usukani kuunyanyua, mara nyingi kati ya milimita 20 na 50. Kuzifunga ni kazi ya saa moja na nusu kwa mtu mwenye spana nzuri. Hatari yake iko sehemu mbili tu, bolti na kebo, na ndiyo maana maelezo haya yatakaa sana hapo. Ukikosea rangi ya raiza hakuna atakayeumia. Ukikosea urefu wa bolti, usukani unaweza kubaki mikononi mwako ukiteremka mlima wa Bugando na mama mjamzito nyuma.

Kama pikipiki ni ya tajiri na wewe uko kwenye mkataba, mwambie kabla hujafungua kitu. Hifadhi bolti za zamani kwenye mfuko wenye alama, maana siku ya kurudisha chombo zitahitajika.

Jaribu kwanza bila kununua

Maumivu mengi ya mikono hayatokani na kimo cha usukani. Hutokana na namna usukani ulivyogeuzwa ndani ya klampu, yaani kibano kinachoushika, au mikono ya klachi na breki ilivyofungwa. Kaa kwenye pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, fumba macho, nyoosha mikono mahali inapotaka yenyewe, kisha fumbua. Vidole vikiwa vimenyooka juu ya mkono wa klachi, mgongo wa kiganja unatakiwa ufuate mstari mmoja na mkono wako kuanzia kiwiko. Kikivunjikia juu, mikono ya klachi na breki iko juu mno. Legeza skrubu zake na uishushe kidogo. Hiyo ni dawa ya bure, na kwa madereva wengi inatosha.

Halafu legeza bolti nne za klampu, uzungushe usukani nyuzi chache kuja kwako au kwenda mbele, ukaze, ukae tena. Angalia pia kama usukani umepinda. Pikipiki iliyowahi kuangukia upande mmoja mara nyingi ina upande mmoja ulio nyuma zaidi ya mwingine, na bega moja tu ndilo linalouma. Usukani wa hivyo hubadilishwa, haunyanyuliwi.

Bado mgongo umejikunja? Sasa pima. Chukua kipande cha bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lile la milimita 20, kiwe na urefu sawa na usukani. Kaa umevaa viatu unavyoendeshea, helmeti kichwani. Mwenzako alishike bomba juu ya usukani na kulipandisha taratibu huku wewe umelishika, mpaka viwiko vibaki vimekunjika kidogo na mabega yameshuka. Apime kwa rula kutoka juu ya usukani hadi bomba. Fanya mara tatu, maana mara ya kwanza mtu hukaa kama anapigwa picha.

Ukipata milimita 20 hadi 30, raiza ni jibu. Ukipata 50 au zaidi, unachohitaji ni usukani mwingine wenye umbo la juu, pamoja na kebo ndefu. Hiyo ni kazi tofauti. Kwa pikipiki ya biashara, ushauri wetu ni usipite 30. Kila milimita unayoongeza inarudisha uzito wako nyuma, na pikipiki hizi tayari zimebeba abiria au gunia la dagaa nyuma. Panda kilima cha Isamilo na mzigo huo, gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani utaanza kutangatanga mkononi.

Kuna jambo la vipimo ambalo wengi hawaambiwi. Shingo ya pikipiki haijasimama wima, imelala kuelekea kwa dereva kwa nyuzi zipatazo 26. Raiza ikisimama juu ya bamba la shokapu za mbele hufuata ulalo huo huo. Kwa hiyo raiza ya milimita 30 inanyanyua usukani milimita 27 hivi, na papo hapo inaurudisha kwako milimita 13. Kwa mtu mrefu wa mikono hiyo ni nafuu ya ziada. Kwa mfupi ni tatizo, viwiko vitabana mbavuni na magoti yatagusa swichi akikata kona kali. Mtu mfupi anayelalamika mgongo aangalie kiti kwanza.

Tambua klampu yako

Simama mbele ya pikipiki utazame kati ya mita na tenki. Bamba la juu ndilo linaloshika vichwa vya shokapu mbili za mbele. Juu yake kuna vitako viwili ambamo usukani umelala, na juu ya kila kitako kofia yenye bolti mbili.

Kwenye pikipiki nyingine vitako vimemwagwa pamoja na bamba, ni kitu kimoja. Huwezi kuviondoa. Hapo raiza yako ni kipande chenye tumbo la nusu duara chini, linaloingia kwenye kitako mahali pa usukani, na kitako kipya juu yake. Bolti ndefu zinashuka kutoka kofia, zinapenya raiza, zinashika thredi za kitako cha zamani.

Kwenye nyingine vitako ni vipande vya pekee vilivyofungwa kwa bolti au nati kutoka chini ya bamba. Pitisha kidole chini, utakigusa kichwa cha bolti. Hizi ni rahisi zaidi. Raiza ni kipande cha duara chenye tundu katikati, kinakaa chini ya kitako, na bolti ya chini inabadilishwa kwa ndefu. Mara nyingi kuna mpira kati ya kitako na bamba wa kumeza mtikisiko. Ushike usukani, uusukume mbele na nyuma kwa nguvu. Ukicheza, mipira imekufa, na raiza itauzidisha mchezo huo kwa sababu sasa mkono una wenzo mrefu zaidi. Badilisha mipira kwanza.

Pima unene wa usukani pale kwenye klampu kwa venia, kile kipimo cha taya mbili. Pikipiki nyingi za biashara zina milimita 22. Usukani mnene wa milimita 28.6 upo kwenye pikipiki kubwa na za matope. Muuza spea akikwambia raiza ya 28 itafaa ukiweka kipande cha bati cha kujazia, mrudishie raiza yake. Bati linasagika, linalegea, na usukani unazunguka siku unayokanyaga shimo.

Ya kununua na ya kuchongesha

Raiza ya dukani iliyochongwa kutoka aluminiamu ngumu ni nzuri. Igeuze uitazame, kingo ziwe safi, hakuna vitundu kama vya mkate, na zote mbili ziwe na kimo kimoja. Zisimamishe juu ya kioo cha meza, weka rula juu yake, uone kama rula inacheza.

Mafundi wa kukereza vyuma wanaweza kukutengenezea ya aina ya duara bila shida, kwa sababu ni kazi ya mashine ya kukereza tu. Mpe maelezo haya. Chuma cha duara kisicho na tundu, au aluminiamu ya fimbo ya kiwandani. Upana wake usipungue kitako cha chini cha klampu. Tundu la milimita 8.5 kwa bolti ya milimita 8, nyuso mbili ziwe sambamba, na tofauti ya kimo kati ya kipande na kipande isizidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwombe azitobe na kuzikata zote mbili kwa mpigo mmoja wa mashine. Aina ya pili, yenye tumbo la nusu duara, inataka mashine ya kusaga pande. Mashine ya kukereza peke yake haitoi umbo hilo vizuri, na ukiona fundi anamalizia kwa tupa, ujue kitako hakitakaa.

Aluminiamu iliyoyeyushwa kutoka sufuria na pistoni chakavu isitumike hapa hata kidogo. Inafaa sufuria. Ndani yake mna vitundu vya hewa visivyoonekana, na hupasuka ghafla bila kupinda kwanza. Kadhalika bomba lililochomelewa, rundo la washa, na vipande vya mbao ngumu. Vyote hivyo vimeonekana kwenye pikipiki zinazotembea.

Bolti

Bolti ya klampu kwenye pikipiki hizi huwa ya M8, yaani kipenyo cha milimita 8 na thredi zenye hatua ya 1.25. Baadhi ya pikipiki ndogo zina M6. Chomoa moja, uipime urefu kutoka chini ya kichwa hadi ncha. Bolti mpya ni urefu huo ukijumlisha kimo cha raiza. Ya zamani ikiwa na milimita 35 na raiza ni 25, tafuta ya 60. Usichukue ya 50 kwa sababu ya 60 imeisha dukani, wala ya 70 kwa matumaini kwamba itaingia.

Fupi inashika thredi chache. Kwenye aluminiamu bolti ya M8 inatakiwa iingie angalau milimita 12. Njia ya kuhakikisha ni kupanga kila kitu bila kukaza, kisha kuhesabu mizunguko ya mkono kuanzia pale thredi zinaposhikana hadi kichwa kinapogusa kofia. Mizunguko 10 ni milimita 12.5, umefika. Ukipata sita, rudi dukani.

Ndefu ni mbaya kwa namna ya ujanja zaidi. Ncha inagota mwisho wa tundu kabla kofia haijaubana usukani. Spana inakuwa ngumu, unadhani umekaza, kumbe kilichokazwa ni bolti dhidi ya sakafu ya tundu, na usukani uko huru. Chomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu, weka alama ya kucha, pima. Bolti iache milimita 2 au 3 chini yake.

Angalia kichwa cha bolti. Kiwe na namba 8.8 au 10.9. Kisicho na namba ni cha kufungia meza, na ukikivuta kitarefuka kama mua laini. Bolti za chuma cha pua zinazong'aa mara nyingi zimeandikwa A2-70. Hazishiki kutu, lakini ni laini kuliko 8.8 na hupenda kung'ang'ania ndani ya aluminiamu. Kwa mtu anayebeba samaki kutoka Mwaloni na maji ya barafu yanayomwagika kila mahali, kishawishi cha kuzinunua kinaeleweka. Hata hivyo chukua 8.8 iliyopakwa zinki, ipake grisi kidogo chini ya kichwa, na ibadilishe ikianza kuota kutu. Kwenye aina inayofungwa kwa nati chini, nati iwe ile yenye duara la plastiki ndani, na thredi mbili angalau zichungulie nje baada ya kukaza.

Kazi yenyewe

Utahitaji spana au soketi ya namba 10, 12, 13 na 14, seti ya spana za pembe sita kama bolti zina tundu kichwani, bisibisi ya nyota, koleo, kitambaa kizito, kamba za plastiki za kubania nyaya, gundi ya kufungia thredi ya rangi ya bluu, msasa laini na chaki. Chagua sehemu tambarare yenye kivuli. Ufukweni siyo mahali pake, mchanga mmoja ndani ya thredi unatosha kuichuna.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Piga picha za simu za mahali kebo zinapopita, kushoto, kulia na mbele nyuma ya taa kubwa. Picha hizi zitakuokoa baadaye. Toa vioo, vinaongeza uzito na vinakwaruza. Tandika kitambaa juu ya tenki, chora chaki kwenye usukani pale kofia zinapoishia kila upande, na utafute kama kuna kidoti kilichogongwa kiwandani. Kidoti hicho hulingana na ukingo wa klampu.

Kabla ya kulegeza klampu, kata au fungua kamba zote zinazobana kebo na nyaya kwenye usukani. Legeza kebo ya klachi kwenye skrubu yake ya marekebisho hadi iwe na ulegevu. Sasa toa kofia. Tazama kama zina kidoti au mshale, na zipange mezani jinsi zilivyotoka, kila moja na upande wake. Laza usukani polepole kuja juu ya tenki. Ikiwa una breki ya diski mbele, kile kikopo cha mafuta ya breki kibaki kimesimama wima muda wote. Mpe mtu kazi ya kukishika, au kifunge kwa kamba. Kikilala, hewa inaingia kwenye mfumo na breki inakuwa kama sponji. Na mafuta hayo yakidondoka kwenye rangi ya tenki, mwagia maji mara moja, yanakula rangi.

Safisha vitako kwa msasa na kitambaa kikavu. Usiweke grisi pale usukani unapobanwa. Weka raiza, weka usukani, weka kofia, ingiza bolti kwa vidole. Kama bolti haiingii kwa vidole hadi karibu na mwisho, simama. Iondoe, safisha tundu, jaribu tena. Spana haiwezi kusahihisha bolti iliyoingia upande, itaichuna tu, na bamba la juu ni spea ghali.

Usikaze bado.

Kebo na nyaya

Hapa ndipo kimo cha raiza kinapoamuliwa kweli. Usukani umepanda na kurudi nyuma, lakini kebo ya mafuta, ya klachi, ya breki ya mbele na nyaya za swichi zina urefu ule ule.

Bana bolti kiasi cha kushika, kisha geuza usukani hadi mwisho kushoto, halafu hadi mwisho kulia, ukiangalia kebo moja moja. Kila moja iwe na mkunjo mlegevu. Ikinyooka kama waya wa kuanikia nguo, ni fupi. Halafu fanya jambo ambalo mafundi wengi hulisahau, mtu akalie sehemu ya mwisho ya kiti ili gurudumu la mbele linyanyuke na shokapu zishuke kabisa. Geuza tena kushoto na kulia. Breki ya mbele, iwe ya kebo au ya hozi (bomba laini la mafuta ya breki), inavutwa zaidi katika hali hiyo, na hiyo ndiyo hali inayotokea gurudumu likidondokea shimo. Hozi iliyokaza hapo itapasuka shingoni siku moja, na siku hiyo hutakuwa na breki ya mbele.

Mara nyingi unapata sentimita 2 hadi 4 bila kununua kitu, kwa kubadili njia. Kebo iliyopita nyuma ya shina la shokapu huenda ikapita mbele yake. Kibano cha hozi kinaweza kusogezwa chini tundu moja. Nyaya za swichi hufikia ndani ya ganda la taa kubwa. Fungua taa, utakuta zimejikunja humo, zivute taratibu kwa kushika ala, yaani ganda la nje, usishike plagi. Njia mpya isiguse injini wala ekzosi, isibanwe na usukani ukifika mwisho, na isipite juu ya ukingo mkali.

Ikishindikana, nunua kebo ndefu. Peleka ya zamani dukani upime mambo mawili, urefu wa ala ya nje na urefu wa waya unaochungulia. Muuza spea anaweza kuwa na ya pikipiki nyingine inayolingana kwa vyote viwili. Kebo ya kuunganishwa kwa kuyeyusha risasi haifai kwa breki, na kwa klachi itakuachia katikati ya barabara ya Kenyatta magari yakipiga honi. Ukibadilisha hozi ya diski, breki itatakiwa kutolewa hewa na kujazwa mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mwite fundi wa breki.

Kama hozi au kebo hazitoshi na hupati nyingine, chukua raiza fupi zaidi. Raiza ya milimita 20 yenye kebo zilizolegea ni bora mara nyingi kuliko ya 30 yenye kebo zilizonyooka.

Kukaza

Linganisha alama za chaki. Kama kofia zina kidoti au mshale, huelekea mbele. Kwa aina hiyo kaza bolti za mbele kwanza hadi kofia iguse kitako, kisha za nyuma, uwazi ubaki nyuma. Kofia zisizo na alama zikazwe kwa zamu, robo mzunguko mbele, robo nyuma, uwazi uwe sawa pande zote. Tia tone moja la gundi ya bluu kwenye kila thredi. Ile nyekundu iache dukani.

Bolti ya M8 kwenye klampu hukazwa kwa nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 25, ya M6 kama 10, isipokuwa kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine. Wengi hawana spana yenye kipimo, lakini Mwanza haikosi mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki. Chukua spana ya ringi, pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, funga kamba hapo na uitundike kwenye ndoano ya mizani. Vuta kwa pembe mraba na spana, taratibu, mpaka mshale usome kilo 11. Hiyo ni takribani nyutoni-mita 22. Kwa M6 simama kwenye kilo 5. Ukivuta kwa ulalo kipimo kinadanganya, kwa hiyo mwenzako asimame upande na kuangalia pembe. Ni njia ya kimaskini lakini ni sahihi kuliko mkono wa fundi mwenye haraka, ambaye kwa kawaida hukaza kupita kiasi. Thredi za aluminiamu zilizovutwa sana hazikatiki siku hiyo, hukatika wiki mbili baadaye.

Aina ya kitako cha pekee ina hatua mbili. Legeza za chini, kaza kofia juu ya usukani ili vitako vijipange vyenyewe, ndipo ukaze za chini. Ukianza na chini, vitako vitakaa vimepishana na kuukunja usukani.

Sasa simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu la mbele kati ya magoti yako, ushike ncha mbili za usukani na uusukume chini kwa uzito wako wote, kisha uvute juu. Alama ya chaki ikihama hata unywele, fungua uangalie bolti iliyogota.

Rekebisha klachi. Mkono uwe na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta. Mkono wa mafuta uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 na ujirudie wenyewe ukiuachia, usukani ukiwa umenyooka na ukiwa umegeuzwa kabisa pande zote. Kisha washa injini, iache ingurume yenyewe, geuza usukani kushoto na kulia polepole. Mlio ukipanda upande mmoja, kebo ya mafuta inavutwa. Usitoke na pikipiki hiyo barabarani hata mita mia. Kwenye kona ya kurudi nyuma itaongeza kasi bila wewe kutaka.

Geuza tena, safari hii ukishika gripi. Kati ya vidole vyako na tenki pabaki angalau sentimita 2. Kama huwa unaweka mzigo juu ya tenki, kiroba cha sato au katoni ya mteja, uuweke sasa na ujaribu, maana usukani umerudi nyuma na mzigo unaweza kubonyeza klachi au kuzuia kona. Jaribu honi, indiketa, taa, swichi ya kuzimia na taa ya breki kwa mkono wa mbele, moja moja, usukani ukiwa pande zote mbili. Funga vioo na uvirekebishe upya, kichwa chako sasa kiko juu zaidi.

Barabarani

Anza uwanjani, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ukikata namba nane. Funga breki ya mbele kwa nguvu mara tano. Rudi ukague chaki. Kaza tena kwa mizani baada ya kilomita 50 hadi 100, halafu kila unapobadilisha oili.

Kifua kilichosimama kinakamata upepo zaidi. Mjini hutausikia. Kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3 juu ya maji na upepo wa ziwa ukipiga ubavuni, utausikia vizuri. Punguza mwendo, legeza mikono, usiung'ang'anie usukani. Ukitikisika wenyewe kwenye mwendo ambao zamani ulikuwa shwari, usilaumu raiza kabla ya kuangalia upepo wa tairi la mbele na beringi za shingo. Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani kwa kidole kimoja. Ukikwama katikati kama umeingia kwenye kijishimo, beringi zimeliwa, na uzito uliohamia nyuma umefichua tu ugonjwa uliokuwepo.

Injini ikizima kila unapokata kona upande mmoja, kuna waya wa swichi unaovutwa au umekatika ndani ya ala karibu na shingo. Usiufunge kwa utepe na kuendelea. Fungua taa kubwa, ongeza ulegevu, unganisha waya upya. Breki ya mbele ikiwa laini wakati hukugusa hozi, kikopo kililala na hewa imeingia. Klachi ikianza kuteleza ukipanda mlima, kebo imekaza baada ya kupanda kwa usukani, rudisha ule ulegevu wa ncha. Na vidole vikiendelea kufa ganzi baada ya wiki mbili wakati mgongo umepona, sababu ni mtikisiko. Badilisha gripi kwa nene zaidi, na kagua bolti zinazofunga injini kwenye fremu, maana moja ikilegea hutikisa pikipiki nzima hadi mkononi.